Nyambizi Ambayo Haikuzama

Wenzangu wa kikundi cha ushonaji, kila anayeingia dukani anaanza na pole na kumalizia na swali, na mimi nimechoka kusimulia mwanzo kila siku na mwisho siufikii. Nimeona niandike mara moja. Mambo ya hati za kusafiria na ya kubadilisha fedha nayaacha, hayana utamu. Nitawaeleza njia ilivyokwenda na yaliyotukuta humo.

Kigoma

Wengi mnajua kwamba nilikuwa mke wa Saleh kabla sijawa mke wa Hamisi. Wachache mnajua Saleh alifanya kazi gani. Alikuwa fundi umeme wa nyambizi.

Ilikuwa nyambizi ndogo, ya shule. Iliundwa huko nchi za baridi kwa ajili ya jeshi lao la majini, kuwafundishia vijana. Haikuwahi kubeba silaha wala kwenda vitani. Saleh alikuwa akisema kazi yake maisha yote ilikuwa kuzama na kuibuka, kuzama na kuibuka, tumboni mna vijana watano au sita wanatapika na mwalimu anawafokea. Ilipozeeka jeshi likaiuza. Ikapita mikono ya watu wawili watatu, mmoja akaigeuza kuwa ya kutembeza watalii, na mwishowe kampuni moja ya utafiti ikaileta Kigoma kwa reli ili kutazama sakafu ya ziwa letu. Mafundi wakaibatiza jina la Mwanafunzi. Saleh ndiye aliyelichora jina hilo ubavuni kwa mkono wake, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Siku moja aliniingiza ndani. Nilitoka mbio kabla hajafunga mfuniko.

Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu mtu wa kampuni alipokuja nyumbani na kutuambia kwamba Mwanafunzi amezama upande wa Burundi, mahali penye kina ambacho hakuna wa kukifikia, na Saleh yumo ndani. Tuliswali swala ya ghaibu. Nilikaa eda. Baadaye Hamisi alinioa, akahamia katika nyumba ile ile aliyoijenga Saleh, kwa sababu sikuwa tayari kumwacha mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, peke yake. Hamisi akamwita mama, naye akamwita mwanangu. Lakini kwamba Saleh amekufa, hilo Bi Mwanaidi hakulikubali. "Sijaona maiti," ndilo lililokuwa jibu lake, na tulishazoea.

Sasa, yule Nasibu anayetuletea mawese kutoka Burundi, alikuja dukani nimpunguzie suruali. Akawa ananionyesha kwenye simu picha za harusi aliyohudhuria Gatete, karibu na Rumonge. Bibi harusi amesimama na wenzake, na nyuma yao kuna dude la chuma lenye kutu, mviringo, lina mnara mfupi juu. Ubavuni, kati ya bega la bibi harusi na la msimamizi wake, nikasoma MWANAF. Herufi zimelala upande mmoja.

Nilimwuliza Nasibu ile ni nini. Akasema, "Ah, hilo ni tangi la mawese. Lipo pale siku nyingi."

Mkasi ulinianguka. Kama Mwanafunzi yuko nchi kavu, basi hakuzama. Na kama hakuzama, Saleh yuko wapi?

Usiku ule Hamisi aliitazama ile picha, niliyokuwa nimemwomba Nasibu anitumie. Shehe wetu alikuwa ameshaniambia, nenda ukajue kwanza, masuala ya ndoa tutayatazama ukirudi. Hamisi alisema maneno machache tu. "Nenda na mama. Usinipigie simu. Jambo la namna hii njoo uniambie uso kwa uso."

Manyovu hadi Nyanza-Lac

Tuliondoka na Bi Mwanaidi, yeye amebeba kikapu ambacho hakutaka mtu akiguse. Tulipopumzika Manyovu akakifungua kutafuta dawa yake ya macho, nikaona kilichomo: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia. Nilijisikia kama mtu aliyepigwa kibao.

Tulivuka mpaka pale Mugina na kushuka kuelekea ziwani. Upande ule watu wanasalimiana amahoro, na Kiswahili chao kina ladha yake. Kwao mtu ni "mutu" na kila kilichopo "iko," awe mtu, mbuzi au sufuria. Mwanzoni nilikuwa nacheka moyoni. Sikujua kwamba neno hilo dogo litakuja kunitoa roho.

Nyanza-Lac tulikwama. Mafuta ya gari hayakuwepo, na kituoni magari yalikuwa yamepanga mstari hadi barabarani, madereva wamelala chini yake. Tulipanga chumba kwa mama mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi huko Kasulu, kwa hiyo alituelewa vizuri. Alitupikia ugali wa muhogo, kisamvu ambacho wao wanakiita sombe, na samaki wa kukaanga.

"Huyu mgebuka ni mtamu," Bi Mwanaidi akasema.

"Huyo ni mukeke, mama."

"Mgebuka."

"Mukeke. Ziwa ni moja, lakini akivuka anabadilisha jina."

Bi Mwanaidi aliacha kutafuna. "Kwa hiyo mtu naye anaweza kuvuka akabadilisha jina," akasema polepole. Yule mama alicheka akidhani ni mzaha.

Kesho yake nilimwomba atupeleke kwa mtu yeyote anayejua habari za nyambizi. Akaitikia upesi, akatupeleka ufukweni kwa mwanamume mnene aliyekuwa anashona nyavu. Alitukaribisha kwa upole mno, akamkalisha Bi Mwanaidi kwenye ndoo, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Nani amezama?"

"Mwanangu," Bi Mwanaidi akajibu. "Lakini hakuzama."

Yule mtu akanitazama. Ikawa zamu yangu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikitika. Kumbe mwenyeji wetu alidhani nyambizi ni mzamiaji, na huyu kazi yake ni kuopoa nyavu zilizonasa na watu waliokufa maji. Alikuwa ameshaanza kuniuliza marehemu alivaa nguo gani. Nilichukua kijiti nikachora mchangani: tumbo refu, mnara, rafadha nyuma.

"Aaa, sumare," akasema, na kofia ikarudi kichwani. "Sumare iko Gatete, kwa Konsolata. Ile inabeka mawese." Kisha akaongeza kitu kilichonishtua kuliko picha ya Nasibu. "Mimi niko natembea hii ziwa tangu utoto. Ile sumare haijazama hata siku moja. Ingezama, wangeniita mimi."

Kamiyo ya mapipa

Siku ya tatu tulipata lori, wao wanaita kamiyo, lililokuwa linakwenda Gatete kujaza mawese. Bi Mwanaidi alikaa mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma pamoja na mapipa matupu, yaliyokuwa yakigongana kila kwenye shimo hadi masikio yakanilia.

Barabara inafuata ziwa. Sikuwa nimejua ziwa limepanda kiasi kile. Kuna mahali nyumba zimesimama majini hadi madirishani, hazina watu, na michikichi imebaki vichwa tu. Mbele zaidi maji yalikuwa yameula ukingo wa barabara, na magari yalipita moja moja huku watu wakielekeza kwa mikono. Tulisimama hapo nusu ya mchana. Dereva aliteremka, akanunua muhogo wa kuchoma na pilipili, akatugawia.

"Munaenda kutafuta nani?" akaniuliza.

"Mume wangu," nikasema. Halafu nikajisahihisha. "Mwana wa huyu mama."

Alitafuna kwanza. "Ni mutu mumoja ama wawili?"

Nilikaa juu ya pipa nikajiuliza: kama Saleh yuko hai, mimi ni nani. Hamisi tumezaa naye watoto wawili. Tumeuguzana. Na Saleh sikumwacha mimi, nilimzika kwa maneno ya mtu wa kampuni. Niliomba Mungu kitu ambacho sitakiandika hapa, na papo hapo nikaomba anisamehe kwa kukiomba.

Gatete

Kiwanda cha Konsolata ni uwanja wa wazi wenye moshi, wanawake wanachemsha ngazi, ile mikungu ya michikichi, kwenye mapipa, na mwisho wake, juu ya magogo, amelala Mwanafunzi.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, urefu wa malori mawili hivi. Rangi imebabuka. Tumboni wametoboa na kuchomelea bomba, na mawese mekundu yalikuwa yakidondokea ndoo. Bi Mwanaidi hakunisubiri. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jina, akalipapasa herufi kwa herufi, ingawa hajui kusoma. Kisha akagonga chuma kwa kiganja, akaweka sikio, akangoja.

"Mama, ndani iko mawese tu," mwanamke mmoja akasema nyuma yetu. Ndiye Konsolata mwenyewe, mikono myekundu hadi viwikoni.

Nilimwuliza waliitoa vipi ziwani. Akashangaa. Hawakuitoa ziwani, akasema. Marehemu mumewe aliinunua kama chuma chakavu ikiwa bandarini Rumonge, imekalia magogo. Wazungu wa kampuni walikuwa wanachaji batri, mifuniko yote imefungwa kwa sababu ya mvua, ile hewa ya batri ikajaa ndani. Hewa hiyo ikalipuka. Alinipandisha ngazi, akaniinulia mfuniko. Juu ya mawese, pale ambapo mafuta hayafiki, kuta zilikuwa nyeusi kama ndani ya jiko.

"Halafu wazungu wakaondoka," akasema. "Wiki ile ile."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile tuliambiwa chombo kiko chini mahali pasipofikika, kwa sababu chombo kilichozama hakuna mtu anayekuja kukikagua. Nilishikilia ngazi kwa mikono miwili. Bi Mwanaidi ndiye aliyeuliza kutoka chini.

"Na yule fundi? Mtanzania?"

"Mutanzania wa sumare?" Konsolata alikuwa ameshageuka, dereva wa kamiyo anamwita wapime mafuta. "Si iko kwa Mama Ramazani. Rumonge, mtaa wa Waswahili. Mutu yeyote atawaonyesha."

Iko kwa Mama Ramazani.

Bi Mwanaidi aliinua kikapu chake. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenzake aliyeshindwa dau, akasema, "Niliwaambia."

Rumonge

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Sikumbuki njia. Nakumbuka mgongo wa dereva na jasho lake, na kwamba nilikuwa najaribu kuukumbuka uso wa Saleh na kila mara unakuja wa Hamisi.

Mtaa wa Waswahili uko karibu na soko. Tulimwuliza fundi cherehani mmoja barazani, akatupeleka mwenyewe. Mama Ramazani ni mwanamke wa makamo, mrefu, kanga mbili, ana uso usiopenda upuuzi. Bi Mwanaidi alisimama mlangoni na kikapu chake kifuani.

"Mimi ni mama yake Saleh, wa Kigoma. Tumeambiwa yuko hapa."

Yule mwanamke alitupisha mlangoni. Kisha akasema kwa sauti kavu, "Iko. Ingieni." Akatuletea maji. Tulipokunywa akasema, "Mumekawia sana."

"Ametoka?" Bi Mwanaidi akauliza. Alikuwa ameshaitoa ile kanzu, anainyoosha magotini.

Nilimwona Mama Ramazani akiiangalia kanzu, akimwangalia mama, na ule ukavu ukamtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Alipiga magoti mbele yake. Akaishika mikono yake yote miwili, kanzu ikiwa katikati.

"Mama," akasema. "Mama yangu. Iko huku nyuma. Njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya nyumba, baada ya muhogo, kuna makaburi mawili yaliyofagiliwa. Moja ni la mumewe. Mwaka ule wa mvua njia ya makaburini ilikuwa ndani ya maji, kwa hiyo wanaume wa mtaa walimzika Saleh pale, kando ya mume wake. Walimwosha wao, wakamswalia wao. Na kila Alhamisi, akasema, yeye hufagia yote mawili.

Bi Mwanaidi alikaa chini, kwa kishindo.

Yaliyobaki Mama Ramazani alinieleza mimi, tukiwa tumesimama. Saleh hakufa siku ile. Kampuni ilimleta kwake, ameungua kifua na mikono, kwa kuwa ni nyumba ya Kiislamu na ya Kiswahili na yeye alishawahi kufanya kazi ya kuuguza. Daktari alikuja mara mbili. Saleh aliishi siku kadhaa. Aliomba mlango usifungwe, mchana na usiku. Siku moja aliyoweza kuongea vizuri alisema, "Mwanafunzi amefeli mtihani," akajaribu kucheka, ikamuumiza.

"Nilimuuliza yule patro, mukubwa wa kampuni, mumeita watu wake? Akasema ndiyo, tumeita, wanakuja. Nikapika nikangoja. Akafa, nikangoja tena. Nikasema, basi, hawa bantu ba Kigoma bana roho ya jiwe." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Miaka yote nimewasema vibaya. Mbele ya kaburi lake nimewasema vibaya."

"Sisi tuliambiwa amezama," nikasema. "Tuliambiwa hakuna cha kuzika."

Tulitazamana. Sijawahi kuona mtu mzima ameshtuka namna ile, na nadhani yeye alikuwa anaona hivyo hivyo kwangu. Kila mmoja alikuwa ametunza uongo wa mtu yule yule, huku na huku ya mpaka.

Kisha nikauliza swali ambalo kila mwanamke angeuliza. Kama alinitaja.

Mama Ramazani hakutaka kunidanganya. "Alikuwa anaita mama," akasema. "Siku zote zile. Mama, mama. Mimi nilikuwa naitika."

Bi Mwanaidi alisikia. Alikuwa ameshaikunja ile kanzu upya, ameiweka juu ya kaburi na kofia juu yake. Mimi mwenyewe sikuona wivu. Nilichoona ni aibu kwa faraja niliyoipata, kwamba ndoa yangu imesalimika kwa sababu kijana wa watu amelala pale.

Tulikaa kwa Mama Ramazani siku chache. Watu wa mtaa walikuja, wakasoma hitma, wakapika wali na mukeke. Asubuhi ya kurudi nilifunga mizigo yetu, nikamwita Bi Mwanaidi. Alikuwa uani anapepeta mchele pamoja na mwenyeji wetu, kana kwamba wamekaa hivyo maisha yao yote.

"Nenda, mwanangu," akaniambia. "Mimi siendi."

Nikadhani ni uchovu. Nikasema tutapumzika njiani. Akaweka ungo chini.

"Zaituni, aliniita sikuja. Mwanamke mwingine ndiye aliyemwitikia. Sasa nimekuja, nitaondokaje?"

Nilimtazama Mama Ramazani, anisaidie. Akasema tu, "Kitanda iko."

Kurudi

Nilirudi kwa njia ile ile, na wala sina cha kusimulia, isipokuwa kwamba kila nilipokaa nilijikuta nimeacha nafasi ya mtu wa pili.

Nilifika nyumbani mchana. Mlango ulikuwa wazi. Ukumbini, juu ya mkeka, nilikuta bunda la nguo lililofungwa kwa fundo la shuka, na juu yake viatu vya Hamisi vya Ijumaa. Watoto hawakuwepo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Nasibu, kwa wema wake, alikuwa amepiga simu Gatete kutuulizia, na wakamwambia kwamba yule Mtanzania iko, na mamake ameshakwenda kwake. Naye akampelekea Hamisi habari hiyo kama ilivyo.

Hamisi alitoka chumbani. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Amebaki Rumonge."

"Amebaki na Saleh."

"Ndiyo," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

Akatikisa kichwa polepole. "Alhamdulillahi," akasema. "Mama kurudishiwa mwanawe si jambo dogo. Watoto wako kwa dada, nimewaambia nitawachukua. Nyumba ni ya Saleh, Zaituni. Sitaki ugomvi na mtu." Akainama, akavaa viatu vyake, akalinyanyua bunda.

Ndipo nilipoelewa nimesema nini. Nililishika lile bunda kwa mikono yote miwili. Alidhani namuaga. Tulivutana hivyo kidogo, watu wazima wawili katikati ya ukumbi, hadi maneno yakanitoka.

"Amebaki na kaburi, Hamisi. Saleh alikufa mwaka ule ule."

Akakaa chini pale pale, na viatu vyake miguuni. Akamlilia Saleh, mtu ambaye hawakuwahi kuonana, hadi nikaogopa. Nilikaa kando yake nikaanza kulifungua lile fundo. Alikuwa amelikaza mno, vidole havikufua dafu, nikatumia meno.